Pampu ya umeme kwenye ndege ndogo: huyu anaiwasha, yule anaizima, na wote wako sahihi

Mada ya leo imeletwa na ubishi. Juzi kwenye kafe pale Kakonko vijana wawili walikuwa wanacheza mchezo wa kurusha ndege, kila mtu na kompyuta yake. Mmoja alikuwa na FlightGear, ile ya bure. Mwenzake alikuwa na FS2004, mzee kweli lakini ndiyo inayokubali kwenye kompyuta zetu hizi. Wote wamechagua Cessna 172. Yule wa FS2004 akaona swichi imeandikwa FUEL PUMP, akaiwasha na kupaa nayo hivyo hivyo. Yule wa FlightGear akatafuta paneli nzima, hakuiona. Basi hapo ndipo kelele zilipoanza. Mmoja anasema mwenzake ana ndege feki, mwingine anajibu kwamba hiyo pampu ni pambo tu. Wakaniita mimi kwa vile wanajua nina ugonjwa wa ndege. Nikawaambia wote mmekosea, kabla sijaeleza dakika zao zikaisha.

Kwa hiyo naeleza hapa. Niseme mapema, mimi si rubani. Nimemaliza kidato cha nne 2018, sikupata nafasi ya kuendelea, niko nyumbani Nyabibuye na simu yangu na siku za kafe. Ninachokijua nimekisoma kwenye vitabu vya ndege ambavyo watu wameviweka mtandaoni, na kimoja nilikiona kwa macho yangu kiwanja cha Kibondo mwaka 2016. Hicho nitakisimulia mbele kidogo, manake ndicho kilichonifanya nianze kusoma haya mambo.

BODABODA KWANZA

Chukua Boxer yoyote inayopandisha abiria kutoka Kakonko kuja kwetu. Tangi liko juu, kabureta iko chini. Mafuta yanashuka yenyewe kwa uzito wake kupitia koki. Hakuna pampu na wala haihitajiki. Ndiyo maana fundi wa boda akikuambia pampu yako imekufa, mwangalie vizuri usoni.

Sasa ingia kwenye Toyota IST. Ukizungusha ufunguo kabla injini haijawaka unasikia "ziiii" kwa sekunde chache upande wa nyuma. Hiyo ni pampu ya umeme ndani ya tangi. Tangi liko chini na nyuma, injini iko mbele, halafu injini yenyewe ni ya injekta, inataka mafuta yenye msukumo mkubwa. Bila pampu gari haliendi popote.

Ndege ndogo za pistoni zimegawanyika hivyo hivyo. Kuna zilizo kama Boxer na kuna zilizo kama IST, isipokuwa hata zile za aina ya IST zina pampu mbili: moja inazungushwa na injini yenyewe, nyingine ni ya umeme. Ya injini ndiyo mfanyakazi wa kila siku. Injini ikizunguka na yenyewe inazunguka, haijali betri imekufa au la. Ya umeme ndiyo ile yenye swichi kwenye paneli, kazi yake ni kusaidia.

Cessna 172 iliyoko ndani ya FlightGear ni 172P, modeli ya miaka ya 1980. Bawa liko juu, matangi yako ndani ya bawa, injini ina kabureta. Ni Boxer yenye mabawa. Mafuta yakiwa juu ya kabureta kwa mita moja tu yanatoa msukumo wa paundi 1 hivi kwa inchi mraba, na kabureta inaridhika na kidogo kuliko hapo. Kwa hiyo hakuna pampu ya umeme, na kijana wangu alikuwa anatafuta kitu ambacho Cessna hawakukiweka. Kuna kijipampu cha mkono tu cha kunyunyizia mafuta kabla ya kuwasha, basi.

Ile ya FS2004 ni 172SP. Kuanzia miaka ya mwisho ya 1990 Cessna walirudi kutengeneza 172 lakini safari hii zikiwa na injini ya injekta. Injekta haishibi na paundi moja. Injini za aina hiyo huwa zinataka msukumo wa paundi 14 na kuendelea, na hapo uzito wa mafuta peke yake hauwezi. Ndipo pampu ya injini ikaingia, na ya umeme ikaja pamoja nayo.

Ndege hizo mbili zina jina moja na umbo moja, ila mfumo wa mafuta ni tofauti. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa na ndege feki pale kafe.

ZA BAWA LA CHINI

Kuna Piper Cherokee na ndugu zake. Hizi bawa liko chini ya mwili, kwa hiyo matangi yako chini kuliko injini. Hata zile zenye kabureta haziwezi kutegemea mteremko, maana mafuta hayapandi mlima yenyewe. Pampu ya injini ikifa dakika moja baada ya kupaa, na ya umeme imezimwa, injini inanyamaza na chini yako ni miti.

Ndege za namna hii zimefanya kazi kubwa sana huku Afrika Mashariki. Wale Madaktari Warukao walioanzishwa mwaka 1957, ambao leo ni AMREF, walikuwa na daktari mwanamke aliyekuwa anajirusha mwenyewe, Anne Spoerry, watu wa Lamu, Marsabit na Turkana wakamwita Mama Daktari. Alijifunza urubani akiwa na miaka zaidi ya 40, akafanya kazi hiyo karibu mpaka alipofariki 1999. Alirusha Piper Cherokee. Sasa fikiria kila siku unatua viwanja vitano vya mchanga na kupaa tena, kila mara mkono unaenda kwenye ile swichi.

Utaratibu wa Piper za kabureta ni huu. Kabla ya kuwasha injini unawasha pampu ya umeme na kusikiliza. Nyingi hazilii "ziii", zinagonga "tik tik tik" kama saa ya ukutani. Unaangalia geji ya msukumo imepanda. Kwenye Archer, kwa mfano, sehemu ya kijani inaanzia paundi 0.5 hadi 8. Wakati wa kupaa inakuwa imewashwa. Ukishafika juu pa salama unaizima, huku macho yako kwenye geji. Ukitaka kubadili tangi unaiwasha kwanza. Ukikaribia kutua unaiwasha tena.

Mtu atauliza, kwa nini usiiache inawaka safari nzima ukalala usingizi? Mimi nilijiuliza hivyo hivyo. Jibu nililipata baada ya muda: ukiiacha inawaka hutajua kama ile ya injini imeshakufa. Ya umeme itakuwa inabeba mzigo kimya kimya, geji iko kijani, wewe unaimba. Siku ya umeme nayo ikikata, huna hata moja. Ndiyo maana unaizima juu pa salama na kutazama geji, hapo unakuwa umeipima pampu ya injini. Na ndiyo maana hawaizimi kwenye futi 200 juu ya miti, manake kama kuna tatizo litaonekana hapo hapo unapobofya.

KIBONDO 2016

Ilikuwa Agosti, kiangazi chenyewe, mimi niko kidato cha pili. Mama mdogo alijifungua akapata matatizo, damu haikati. Alishafikishwa Kibondo lakini wakasema huyu ni wa Mwanza. Kwa gari kutoka Kibondo mpaka Mwanza, wakati ule na barabara ile ya vumbi, ni safari ya kutwa. Angani ni kilometa kama 270 tu. Kwa bahati kulikuwa na ndege ndogo iliyoleta watu wa shughuli za kambi za wakimbizi, ilikuwa inarudi Mwanza karibu tupu. Ni ya nani siandiki. Wakakubali kumchukua.

Ndege ilikuwa Cessna 206. Nilikuwa sijawahi kusogelea ndege. Bawa juu, milango mipana miwili ya mizigo upande wa kulia kwa nyuma, mlango wa rubani upande wa kushoto. Tulimwingiza mama mdogo amelala kwa kupitia ile milango ya mizigo. Baba mdogo akapitia mlango wa rubani na kujisogeza kiti cha pili, maana upande ule wa mbele kulia hakuna mlango kabisa. Saa ilikuwa saba mchana. Ndege ilikuwa imetua kama nusu saa iliyopita, bado mbele inatoa joto kama jiko.

Rubani akawasha. Pangaboi likazunguka, injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Akajaribu tena, ikakohoa ikanyamaza. Mara ya tatu pangaboi lenyewe likaanza kuzunguka kwa uvivu, ukajua betri inakwisha. Watu waliokuwa pale wakaanza maneno. Mzee mmoja akasema pampu imekufa hiyo, huyu mama hafiki. Mimi nikaamini. Shangazi yangu akageuka akaenda kusimama mbali, akaweka khanga mdomoni.

Rubani alikuwa kijana wa Kitanzania, mpole. Akafungua kioo, akasema kwa sauti ya kawaida, "Mafuta yamegeuka mvuke humo ndani, nipeni dakika mbili." Akavuta kile kishikio chekundu mpaka mwisho, akasukuma cheusi chote mbele, akaminya swichi moja akaishikilia. Tukasikia "ziiiiii" ndefu, sekunde ishirini hivi, hakuna kinachozunguka. Akaachia, akapanga vishikio upya, akawasha. Injini ikashika. Ikatetemeka kidogo halafu ikatulia.

Kumbe pampu haikuwa imekufa. Pampu ndiyo iliyoponya.

Kilichotokea ni hiki. Injini ikizimwa bado ina joto kali, na hakuna tena upepo wa kuipoza. Joto linapanda ndani ya ile boneti na kuchemsha mafuta yaliyobaki kwenye mirija na ndani ya pampu ya injini. Mafuta ya ndege hizi, avigasi, ni mepesi kugeuka mvuke. Na ukiwa nyanda za juu kama zetu, zaidi ya mita 1,200, mgandamizo wa hewa ni mdogo kuliko Dar, kwa hiyo yanachemka upesi zaidi, kama vile maji ya ugali yanavyochemka mapema mlimani. Pampu ya injini imeundwa kusukuma kimiminika, ikijaa mapovu inazunguka bure. Pampu ya umeme ya 206 iko mbali na lile joto, upande wa tangi. Ikizunguka huku kishikio chekundu kimefungwa, mafuta hayaingii kwenye silinda, yanapita kwenye pampu ya injini na kurudi kwenye tangi kwa mrija wa kurudishia, yakisukuma mvuke mbele yake na kupoza pampu njiani. Kile kishikio chekundu ni muhimu sana hapo. Ukikisahau kikiwa wazi, mafuta yote hayo yanamwagika kwenye njia ya hewa ya injini, yanadondoka chini, na cheche moja tu inatosha kuunguza ndege na waliomo.

Petroli ya kawaida ya kituo cha mafuta hugeuka mvuke kirahisi zaidi ya avigasi. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "si petroli tu, mimina", mwambie anyamaze. Injini zilizoruhusiwa kuitumia zipo, lakini ruhusa imeandikwa, haitolewi na mwenye dumu.

ALIVYOIZIMA

Hii nusu ya pili sikuiona, nilisimuliwa na baba mdogo aliporudi.

Ndege ilipofika mwisho wa kiwanja na kugeuka tayari kupaa, rubani alipitisha mkono kwenye swichi zote, na ile swichi ya pampu akaihakikisha imezimwa. Baba mdogo moyo ukapasuka. Hiyo hiyo iliyotuokoa dakika tano zilizopita, anaizima sasa, mbele kuna miti! Akataka kumshika mkono. Akajizuia, ila walipokuwa juu akamuuliza kupitia zile spika za masikioni. Rubani akamjibu, "Mzee, hii nikiiacha imewaka tukapaa nayo, injini itazidiwa mafuta."

Hapo ndipo penye siri yote ya mada hii, na imenichukua muda mrefu kuielewa.

Cessna 206 za zamani, zile za mpaka katikati ya miaka ya 1980, zina injini ya Continental. Injekta ya Continental inapima mafuta kwa msukumo wa pampu: pampu ikisukuma zaidi, mafuta mengi zaidi yanaingia kwenye silinda. Pampu ya injini imeshapangwa itoe kiasi sawa na mwendo wa injini. Ukiongeza ya umeme juu yake, mafuta yanazidi hewa. Injini inaanza kukohoa, moshi mweusi, na kwenye mpangilio wa juu inaweza kuzimika kabisa. Ni kama chai uliyoweka sukari halafu mwenzako naye akaja akaweka.

Kitabu cha 206G kinasema hili waziwazi. Swichi yake imegawanywa mbili. Nusu ya kulia ni ya njano, imeandikwa START, ni ya kuwashia, ya kuondoa mvuke mdogo, na ya kuendelea na safari endapo pampu ya injini imekufa. Nusu ya kushoto ni nyekundu, imeandikwa EMERG, ina springi, ukiiachia inarudi. Hiyo inatoa mafuta mengi kabisa, ni ya pampu ya injini kufa wakati wa kupaa, au ya mvuke mbaya sana. Wakati wa kupaa kwa kawaida vyote viwe vimezimwa. Na ukitaka kujua waliwaza kiasi gani, ile ya njano inasikiliza mkono wa rubani: akiwa amefungua nguvu pampu inazunguka kwa kasi, akipunguza nguvu ili atue na pampu yenyewe inapunguza, isije ikaizamisha injini.

Injini za Lycoming ni kitu kingine. Injekta yake ina kifaa kinachopima hewa inayoingia, halafu kinatoa mafuta kulingana na hewa hiyo. Msukumo ukizidi kidogo kwa nyuma, kifaa kinaubana. Kwa hiyo Piper Arrow yenye Lycoming na bawa la chini inapaa pampu ya umeme ikiwa imewashwa, kama ndugu yake wa kabureta, na hakuna kinachozidi. Lakini 172SP nayo ni Lycoming ya injekta, na bado kitabu chake kinakuambia iwashe kuandaa injini kabla ya kuwasha, kisha izime, upae imezimwa, kwa sababu bawa la juu linailisha pampu ya injini vizuri tu.

Umeona? Archer imewashwa. Arrow imewashwa. 172SP imezimwa. 206 ya Continental imezimwa, na ukikosea injini inaweza kukufia mkononi. 172P haina kabisa. Rubani aliyezoea Piper miaka kumi akihamia kwenye ndege ya Continental, kiganja chake kinataka kuwasha pampu kabla ya kupaa kwa sababu ndivyo alivyofundishwa kwamba ni usalama. Usalama wa ndege moja ndio ajali ya nyingine. Wenye Beechcraft Bonanza za Continental nao wanaonywa jambo hilo hilo kuhusu kuweka pampu kwenye HI wakati pampu ya injini ni nzima.

INJINI IKIKATA JUU

Kwenye 206 dalili ya pampu ya injini kufa ni geji ya mafuta kuporomoka ghafla kabla nguvu hazijapungua, wakati tangi lina mafuta. Kama ni wakati wa kupaa unashikilia ile nyekundu mpaka umevuka vizuizi. Kama ni kwenye mwendo wa kawaida, unasukuma kishikio chekundu mbele, unashikilia nyekundu mpaka mafuta yarudi, kisha unaacha ya njano ikubebe hadi kiwanja cha karibu. Geji ikiwa inacheza cheza tu bila kuporomoka, hasa umepanda juu siku ya joto, huo huwa ni mvuke. Unawasha ya njano na kupunguza mafuta kwa kishikio chekundu mpaka injini itulie.

Na kila mara angalia koki. Hizo 206G zina kushoto, kulia na kufunga, hazina nafasi ya matangi yote mawili kwa pamoja kama 172. Kuna mtu anaweza kupambana na pampu huku tangi la kushoto limekauka na la kulia limejaa.

Pampu ina mipaka yake. Haitoi mafuta kwenye tangi tupu, na ikizungushwa kavu inajiua, kwa sababu mafuta yenyewe ndiyo grisi yake. Maji kwenye mafuta itayasukuma vilevile bila kuuliza. Na tangi likiziba tundu la kupumulia, pampu haisaidii kitu, itanyonya mpaka ichoke. Hili la mwisho lina historia ya kwetu. Beryl Markham, yule mama aliyekulia Njoro Kenya, Septemba 1936 alivuka Bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kwenda magharibi, kwenye Percival Vega Gull yenye namba za Kenya. Baada ya zaidi ya saa 20 injini ikakata na akaangukia kwenye tope la Cape Breton, Kanada, na kutoka mzima. Maelezo yanayokubalika ni barafu kwenye matundu ya kupumulia ya tangi. Mafuta yalikuwepo, yaligoma kushuka.

Mkisafiri siku hizi, wengi mtapanda Cessna Caravan. Nayo ina bawa la juu na nayo ina swichi ya pampu ya umeme, lakini msichanganye na haya. Ile ni injini ya tabaini, inakunywa Jet A-1, na swichi yake ina nafasi tatu. Ikiwekwa NORM inakaa kimya, msukumo ukishuka inajiwasha yenyewe. Jet A-1 ikimiminwa kwenye 206 kwa bahati mbaya hakuna pampu itakayokusaidia.

Kuhusu mama mdogo, walifika Mwanza saa tisa kasoro. Aliongezewa damu usiku ule, akakaa wiki tatu. Mtoto tulibaki naye sisi, akanyweshwa maziwa ya kopo na shangazi. Sasa hivi anasoma shule ya msingi hapa hapa Nyabibuye, mtundu kupita kiasi, na kila ndege ikipita juu mama yake anamwambia inama, wanakutafuta. Baba mdogo bado hakubali kwamba rubani alikuwa sahihi kuizima. Nimemchorea mchoro mara mbili. Anasema sawa, lakini angeniambia kwanza.

Kwa wale wawili wa kafe: wa FS2004, rudia safari yako, pampu iwashe kuandaa injini, kisha zima kabla ya kupaa. Wa FlightGear, acha kutafuta, tumia hicho kijipampu cha mkono mara mbili tatu, usisahau kukifunga, halafu washa. Ijumaa nitakuwepo kuanzia saa nane. Kama kuna rubani au fundi wa ndege anasoma hapa na ameona nimekosea mahali, aandike hapo chini, nitasahihisha.